Do ya Kivu, Do ya Mbarara

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtu akiimba "do", ilikubidi umuulize kwanza: do ya wapi? Sisi tuliotoka Kivu tulikuwa na yetu, tuliyorithi kwa mapadri na walimu wa enzi za Wabelgiji. Wenyeji wa upande wa Mbarara walikuwa na yao, iliyoletwa na Waingereza. Majina ni yaleyale, do re mi fa, ila watu wawili walioshika karatasi moja waliweza kukuimbia nyimbo mbili.

Nasimulia miaka iliyofuata vita vya Kivu Kaskazini vya 2008, malori yalipokuwa yakishusha Wakongo wapya kila mara. Makazi yenyewe, wilayani Isingiro, ni ya zamani: yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Tulipofika sisi tuliwakuta Wanyarwanda wa wimbi jingine kabisa, na Warundi, na Wasomali, na Waethiopia. Kiswahili kilitununulia chumvi, na Kiswahili kilituimbisha.

Mwalimu wa kwaya tulimwita Papa Mwalimu. Alikuwa amekuja na bunda la karatasi lililozungushiwa kipande cha turubai la UNHCR. Wengine tulikimbia na sufuria. Yeye alikimbia na nota. Mkewe hakulificha hilo, alilisema mbele ya kwaya nzima: "Papa, kweli, ungebeba hata ndoo!" Naye alicheka tu, akaendelea kutafuta ukurasa.

Bunda hilo lilikuwa na kila kitu. Kulikuwa na kurasa za Haleluya ya Handel kutoka toleo la Novello la London, zimegeuka rangi ya chai, maneno ya Kiswahili yameandikwa kwa penseli juu ya Kiingereza. Kulikuwa na wimbo wa Noeli wa Adolphe Adam wa 1847, ule ambao kwaya za Kongo huuimba usiku wa mkesha hata kama mpiga kinanda hayupo. Kulikuwa na misa zilizopigwa stensili, na kaye za shule zilizojaa mwandiko wa watu waliokwisha kufa. Lakini mimi nilipenda kuliko zote karatasi mbili alizozibana pamoja kwa pini moja iliyoshika kutu: "Debout Congolais" na "La Zaïroise".

Ule wa kwanza ni wa uhuru, 1960. Muziki ni wa Padri Simon-Pierre Boka, Mjesuiti, na maneno ni ya Joseph Lutumba. Mwaka 1971 Rais Mobutu akaibatiza nchi Zaire, akataka na wimbo mpya. Waliomtungia ni nani? Boka na Lutumba haohao. Alipoanguka 1997, wimbo wa kwanza ukarudi. "Mtunzi mmoja," alisema Papa Mwalimu, "kwa nini niwatenganishe watoto wake?" Mnyarwanda wetu wa besi alisikiliza akatikisa kichwa; nchi yake nayo ilikuwa imebadilisha wimbo wa taifa mwaka 2002, na ule aliofundishwa shuleni haukuwa tena wa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa do. Ilikaribia 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tukaombwa kuimba wimbo wa taifa wa Uganda kwa sauti nne. Tuliujua kwa kusikia tu, tena vibaya. Ni muziki wa George Wilberforce Kakoma, wa 1962, mmoja kati ya nyimbo za taifa fupi kuliko zote duniani. (Kakoma huyu, aliyefariki 2012, alilalamika miaka yake ya mwisho kwamba kazi ile haikumlipa chochote cha maana, akaidai serikali mahakamani. Kila nisikiapo wimbo ule namkumbuka.) Tukaambiwa yuko mwalimu mmoja kule Rwekubo, Mnyankole, mwenye karatasi yake. Tukaenda.

Alitupokea vizuri, akatuletea viti nje, akatoa karatasi iliyopigwa taipureta. Hakuna mistari mitano, hakuna vichwa vya nota: ni herufi tupu, d, r, m, f, s, l, t, katikati yake nukta mbili, vistari na mikato. Hii ndiyo solfa ya John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeichukua mbinu ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich katika karne ya 19 na kuieneza kwa watu wasiomiliki piano. Wamisionari waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwenye taipureta yoyote anaweza kuchapa kwaya nzima, besi hadi soprano.

Papa Mwalimu akaanza kuimba kwa karatasi ile, na do yake ikawa ileile ya siku zote, ile ambayo Waingereza wanaiita C. Kwa Mfaransa na Mbelgiji, do ni jina la ufunguo mmoja wa kinanda, basi. Sauti ya kwanza wakazama chini mpaka wakanyamaza.

"Mwalimu, hapana," akasema mwenyeji. "Ona hapa juu pameandikwa do iko wapi. Ianzie hapo."

"Do haihami, Mwalimu. Do ni do."

"Kwetu inahama, sebo. Kama nyinyi."

Tulicheka mpaka majirani wakatoka kutazama. Papa Mwalimu alicheka kuliko wote, kisha akaomba biki, akaanza kunakili upya kwa mkono wake.

Alikataa katakata kutoa fotokopi, na sababu yake niliiona nilipopeleka wimbo mwingine dukani Mbarara. Katika solfa, mkato mdogo chini ya herufi ndio unaoishusha sauti oktava moja, na nukta ndiyo inayolikata pigo nusu. Mashine iliyochoka wino hufuta hivyo viwili kwanza. Herufi zinabaki zote, karatasi inaonekana nzima, na besi wako wanapiga kelele kwenye sauti ya teno. Huko Kinshasa, okestra ya kanisa la Wakimbangu iliyoanzishwa 1994 nayo ilisifika kwa kunakili nota kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Watu wanaiita dhiki. Kwa sehemu ni dhiki, lakini mtu aliyeinakili besi yake hahitaji kuitafuta tena.

Baadaye Papa Mwalimu alipata safari ya Marekani. Mizigo hupimwa, na safari hii alimsikiliza mkewe: bunda lilibaki kwa kwaya. Siku hizi vijana wana nota kwenye simu, za mistari mitano, safi kabisa, na wengi wao hawazisomi. Wanasubiri mtu awaimbie kwanza. Mimi nimefundishwa do zote mbili, na nasema bila kusita kwamba kwa kwaya isiyo na kinanda wala umeme do inayohama ndiyo bora. Kama nyumbani kwenu kuna kaye kama zile, za baba au za parokia, msizichomee jiko. Nakilini kwa wino mweusi, na mikato iandikwe mikubwa.