Safari ya Majira ya Maua katika Namaqualand

Huku kwetu Kongo hatuhesabu majira manne kama watu wa nchi za baridi. Sisi twajua mvua na kiangazi, basi. Walakini wakaaji wa Katanga huona jambo la kustaajabisha kila mwaka: katika Agosti na Septemba, udongo ungali mkavu na moshi wa nyasi zilizoungua ungali angani, miti ya miombo huvaa majani mapya mekundu kabla mvua haijanyesha. Hayo ndiyo majira ya kuchipua ya kwetu. Leo twataka kuwapeleka mahali pengine pa Afrika ambapo miezi hiyo hiyo huleta ajabu kubwa zaidi: pwani ya magharibi ya Afrika ya Kusini, na nchi ya Namaqualand iliyo kaskazini yake.

Safari hii hufanywa kwa motokari. Kutoka Cape Town mpaka Springbok, mji mkubwa wa Namaqualand, ni kilometa kama 550 kwa barabara kuu; lakini msafiri asiye na haraka hushika kwanza njia ya pwani. Mkono wa kushoto ana Bahari ya Atlantiki. Maji yake ni baridi sana kwa sababu ya mkondo uitwao Benguela. Baridi hiyo ina faida na hasara: samaki hustawi, lakini mvua ni haba, na mara nyingi ukungu tu hutoka baharini na kufunika nchi.

Kituo cha kwanza ni hori pana la Langebaan. Hapo heroe hutembea taratibu katika maji machache, na mwezi wa Septemba huanza kufika ndege wadogo wa pwani waliosafiri kutoka Siberia, maelfu ya kilometa. Mbele zaidi, penye mlango wa mto Berg, ni Velddrif, mji wa wavuvi. Wao huchukua mkizi wadogo, huwatia chumvi, huwafunga mafungu na kuwatundika wakauke kwa upepo. Mtu aliyezoea kuona ndakala wakianikwa kando ya ziwa Tanganyika hatakuwa mgeni mahali hapo. Kisha twafika Lambert's Bay, na kisiwa chake kilichounganishwa na bandari kwa ukuta wa mawe. Maelfu ya ndege weupe wenye vichwa vya manjano hujenga viota vyao huko, wakisongamana kama watu sokoni.

Sasa twaiacha bahari, twaingia bara. Twapita mashamba ya mizabibu yanyweshwayo na mto Olifants, na baada ya mji wa Vanrhynsdorp nchi yabadilika ghafula. Huu ni uwanda wa Knersvlakte, uliotandazwa vijiwe vyeupe. Apitaye mbio husema hapana kitu. Ashukaye garini na kuinama huona kwamba kati ya vijiwe kuna mimea midogo mno, mingine mfano wa kifungo cha shati, iliyojaa maji ndani ya majani yake manene. Hivyo ndivyo inavyoweka akiba kwa ajili ya kiangazi kirefu.

Baada ya uwanda huo vilima vyainuka, na katika bonde la Kamieskroon twayaona yale tuliyoyafuata. Mabonde mazima yamefunikwa kwa maua ya rangi ya machungwa, na katikati yake meupe, manjano na zambarau. Wataalamu wamehesabu aina za mimea kama 3500 katika Namaqualand, na nyingi hazioti penginepo duniani.

Je, maua hayo yatoka wapi katika nchi kame namna hii? Mvua chache za majira ya baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, huamsha mbegu zilizolala udongoni. Ua lile la rangi ya machungwa lina hekima yake: huzaa mbegu za namna mbili. Za namna moja huota upesi mvua inyeshapo. Za namna ya pili hukawia, hata zikangoja mwaka mwingine. Ikiwa mvua imedanganya, na miche ya kwanza ikakauka, kizazi hakikatiki. Tena, maua hustawi sana katika mashamba ya ngano yaliyoachwa zamani. Ardhi iliyochoka kumlisha mwanadamu hujivika fahari hiyo.

Lakini fahari hiyo ni dhaifu. Mvua ikikosa, maua ni machache, wageni hawaji, na wenye nyumba za kulala hukosa riziki yao. Katika ukame mkali uliofikia mwaka 2018, hata mji mkuu wa Cape Town ulikaribia kuishiwa maji. Tena wako wezi. Tangu mwaka 2019 hivi, watu wamekuwa wakiing'oa ile mimea midogo ya kati ya mawe na kuiuza ng'ambo kwa watu wapendao kuipanda vyunguni. Mmea uliochukua miaka mingi kukua hung'olewa kwa dakika moja. Mng'oaji mara nyingi ni maskini aliyelipwa kidogo. Faida kubwa humwendea mnunuzi wa mbali. Ndugu zetu wa Katanga, ambao nchi yao ina shaba nyingi, wataelewa jambo hili. Namaqualand pia ilichimbwa shaba: Gavana Simon van der Stel aliifuata mpaka huko mwaka 1685. Machimbo makubwa ya karne ya 19 yamekwisha, yakaacha mashimo.

Ng'ambo ya Springbok, karibu na mto Orange, kiko kijiji cha Pella. Katika jangwa hilo Padre Simon, Mfaransa aliyefika mwaka 1882, pamoja na mwenzake Padre Wolf, walijenga kanisa kuu kwa miaka saba. Hawakuwa waashi, walijifunza ujenzi katika kitabu. Kanisa hilo lingali limesimama kati ya mitende.

Msafiri akifika hapo hugeuka, na hapo hupata zawadi ya mwisho. Maua haya hufunguka jua likiwa kali tu, tangu saa nne au tano asubuhi mpaka alasiri. Siku ya mawingu hujifunga. Tena huligeukia jua, nalo katika nchi hizo za kusini husimama upande wa kaskazini. Kwa hiyo apandaye kwenda kaskazini huona migongo ya maua. Arudiye kusini huonyeshwa nyuso zake. Ndiyo maana wenyeji huwaambia wageni: msiondoke alfajiri, wala msidhani kwamba mmekwisha kuyaona maua kabla ya kurudi.

Basi, wazazi na wanafunzi, nasi tuna miombo yetu. Mwezi wa Agosti ukifika, kabla ya kushika shoka au kiberiti, inueni macho myatazame majani yale mekundu. Mti uliothubutu kuchipua kabla ya mvua wastahili kuachwa uione mvua hiyo.