Karamu ya Mabaharia wa Bremen

Leo tusafiri pamoja mpaka Bremen, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, ulio kando ya mto Weser. Ni mwezi wa pili, na baridi ni kali. Tusimame mbele ya jumba la baraza la mji, lililoanza kujengwa mwaka 1405. Ijumaa ya pili ya mwezi huu, katika ukumbi wake wa juu, chini ya mifano ya merikebu za kale inayoning'inia darini, hufanyika karamu iitwayo Schaffermahl.

Wenye karamu ni chama cha Haus Seefahrt, ndiyo Nyumba ya Ubaharia, kilichoanzishwa mwaka 1545. Siku zile bahari ilimeza watu wengi, nao wajane na mabaharia maskini walikosa wa kuwatunza. Basi manahodha na wafanya biashara wakaweka mfuko mmoja wa msaada. Wakati wa baridi merikebu hazikusafiri. Baridi ilipokaribia kwisha, watu walikula pamoja chakula cha kuagana, maana hakuna aliyejua nani atarudi.

Mpaka leo desturi za merikebuni zinashikwa. Huletwa supu ya kuku. Kisha samaki mkavu, ndugu wa makayabu yetu ila hakutiwa chumvi, pamoja na haradali. Halafu mboga za majani na soseji, na nyama ya ndama. Chumvi na pilipili hutiwa katika vifuko vya karatasi za rangi ya fedha na dhahabu, kwa kuwa zamani vilikuwa vitu vya thamani. Kila mtu ana kisu kimoja na uma mmoja kwa vyakula vyote, naye huvipangusa kwa karatasi ya kukaushia wino. Mwishoni huvutwa viko virefu vya udongo mweupe.

Gharama yote hulipwa na wafanya biashara watatu, wanachama wa chama. Mgeni hualikwa mara moja tu maishani, hata akiwa mkubwa wa serikali.

Jambo moja lilistaajabisha: mfuko ulikuwa wa wajane, lakini kwa karne nyingi meza ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2007 Angela Merkel, Kansela wa Ujerumani wakati ule, akawa mwanamke wa kwanza kualikwa kuwa mgeni wa heshima.

Hakuna anayeondoka bila kuombwa kitu. Katikati ya karamu hukusanywa sadaka kwa ajili ya mfuko ule ule wa mwaka 1545, na chama kina nyumba wanamokaa manahodha wazee na wajane.

Kwetu pia viko vyama vya kusaidiana, vyenye siku zao za kula na kunywa pamoja. Karamu zao ni njema. Lakini sahani zikiisha kuoshwa, tuulize kama walivyouliza watu wa Bremen: je, mjane amebakiwa na nini?