Tulichora mtaa wa watu, tukaukumbuka wa kwetu

Wandugu, wengi mmetuuliza ile picha ya nyumba ya matofali tuliyoweka wiki jana ni ya wapi. Si ya kwetu. Ni mtaa wa Delft, huko Uholanzi, na aliyeichora ni Johannes Vermeer, karibu mwaka 1658. Sisi tumeinakili tu, hapa Nakivale, kwa wiki sita.

Tuliichagua kwa sababu ni ndogo: kimo sentimita 54, upana 44. Tukatandaza kitambaa cha amerikani kwenye fremu ya mbao ya kipimo hicho hicho, tukapaka rangi nyeupe ya ukutani, tukapiga miraba. Picha ya kufuatisha tuliichapisha Mbarara.

Mtu mmoja wa mradi akatuuliza, "Kwa nini msichore maisha yenu ya kambini?" Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tukasema tu, tunataka kwanza kujua kuchora.

Rangi ya mafuta haitaki haraka. Safu ya kwanza ni nyembamba, kahawia iliyopunguzwa kwa tapentaini. Zile za juu ndizo zinabeba mafuta zaidi. Ukigeuza utaratibu huo, picha inaweza kupasuka baadaye. Na kila safu unaingoja ikauke, siku tatu, mara wiki nzima. Kungoja, hilo tu ndilo tulikuwa tunalijua tayari.

Kosa letu la kwanza lilikuwa matofali. Tulichora moja moja mpaka ukuta ukafanana na daftari la hesabu. Kaka anayetufundisha, zamani aliandika mabango ya maduka Bukavu, akasema: "Fumbeni macho nusu. Mnaona tofali ama mnaona ukuta?" Tukafuta yote kwa kitambaa. Tukapaka wekundu mmoja mpana, kisha matofali machache tu, pale mwanga unapogusa. Ukuta ukasimama.

Shida ikaja kwenye nyufa. Ukuta wa Vermeer una nyufa karibu na madirisha, zimezibwa-zibwa. Dada mmoja wetu akakataa kuzichora. "Nyumba zilizopasuka nimeona za kutosha. Hii tuiache nzima."

Tukabishana jioni nzima. Halafu tukasoma kwamba mwaka 1654 ghala la baruti lililipuka Delft, likabomoa sehemu kubwa ya mji, na mchoraji Carel Fabritius akafa siku hiyo. Miaka kama minne baadaye, Vermeer anachora nyumba kuukuu ambayo bado imesimama: mama ameketi mlangoni na kazi yake ya mkono, mwingine yuko uchochoroni kwenye pipa, watoto wawili wanacheza mbele ya nyumba. Mwaka 2015 mtafiti mmoja alieleza kwamba ilikuwa ya shangazi yake Vermeer, mjane aliyelea watoto watano kwa kuuza utumbo.

Dada akanyamaza. Mama yake anauza mukene sokoni hapa hapa. Kesho yake alizichora nyufa yeye mwenyewe, kwa brashi nyembamba kuliko zote.

Sasa amekata kitambaa kingine. Anachora mtaa wao wa Rutshuru. Picha ya kufuatisha hakuna, simu ilipotea njiani. Yeye anasema mlango ulikuwa wa bluu, kaka yake anasema kijani. Wanachokubaliana ni mti wa avoka na ngazi mbili za mawe meusi. Ameanza na ngazi.

Kwa yule aliyetuuliza, jibu letu ndilo hili: tulihitaji kwanza kujifunza kuangalia nyumba, na nyumba ya mtu mwingine haikutuumiza sana. Maisha yetu hayakuanzia kambini, na hayo ya kabla ndiyo yanafutika haraka.

Na wewe unayesoma, mlango wa kwenu ulikuwa wa rangi gani? Kama hukumbuki, waulize wakubwa leo jioni, wangali wanakumbuka.