Barua, Simu na Ukimya wa Askari

Askari mzaliwa wa Koboko, akiitwa kambini, hubeba mizigo miwili. Mmoja ni ule wa begani, ambao sajini huukagua. Wa pili ni nyumba aliyoiacha, na huo hakuna aukaguaye. Saa zake zote hupangwa na wengine: kuamka kabla ya jua, gwaride, kazi za mikono, posho na maharagwe, kisha zamu ya lindo. Hata aliyepangwa Arua, kilomita zipatazo 55 tu kutoka kwao, yuko mbali sawasawa na aliye ng'ambo, maana bila ruhusa ya mkuu wake hapiti langoni. Wako wanaobahatika kuishi na wake zao katika vile vibanda vya kambi ambavyo askari wa Uganda wameviita "mama ingia pole". Waliobaki hungoja saa ya jioni, baada ya kula, ambapo nyumba humjia mtu moyoni.

Watu wa West Nile wameijua saa hiyo tangu enzi za Keya. Vijana wengi wa Arua na Koboko waliandikwa jeshini wakapelekwa Jinja, na katika Vita vya Pili vya Dunia batalioni ya 4, iliyokuwa ya Uganda, ilifika Ceylon na hatimaye Burma mwaka 1944. Barua ya vitani ilipita kwanza mbele ya macho ya mkaguzi. Tena askari asiyejua kuandika alimwomba mwenzake ashike kalamu. Na nyumbani, barua ya Kiswahili ilimhitaji mwalimu wa kuisoma na kuifasiri kwa Kikakwa au Kilugbara, wazee wakiwa wameketi hapo hapo. Hata ilipomfikia mke, ilikuwa imekwisha pita vinywa vya watu. Barua ya namna hiyo ilifaa kwa salamu, mahari na habari za mbuzi. Haikufaa kwa machozi.

Lakini ilikuwa na heri yake. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na hata baada ya hapo njia ya kutoka Jinja hadi Koboko haikuwa fupi. Mwezi bila habari haukuwa msiba. Ulikuwa ni njia tu. Ukimya wa kutisha ulikuja mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, na tena mwaka 1980, watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu mengi. Anuani zilibaki, wenyewe hawapo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kampuni ya MTN ilianza kazi Uganda mwaka 1998, na tangu mwaka 2009 hata fedha hupita katika simu hiyo hiyo. Mke aliye Koboko husema na mumewe kwa lugha yao, bila mwalimu wala mkalimani, naye akitaka kulia hulia. Hiyo ni neema kubwa, wala wanaosifu barua za zamani wasiibeze.

Hata hivyo, simu imeleta ukimya wa aina nyingine. Majeshi ya Uganda yaliingia Somalia Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023 kambi yao ya Buulo Mareer ilishambuliwa, na tarehe 3 Juni Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba askari 54 wa Uganda walikuwa wameuawa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku nane. Kwa mke aliyezoea sauti ya mumewe kila jioni, siku nane kama hizo ni nzito kuliko miezi miwili ya enzi za barua, kwa kuwa simu ya jirani huendelea kuleta uvumi huku yake imenyamaza.

Kwa hiyo inafaa mume na mke wapatane, kabla ya safari, juu ya maana ya ukimya. Ajue mke kwamba ziko siku ambazo simu hairuhusiwi, na mahali ambapo mtandao haufiki. Wakubaliane pia nani katika ukoo atapewa habari kwanza, asije mama mkwe akazisikia sokoni. Na lile swali la "Uko wapi?", ingawa latoka katika mapenzi, ndilo askari asiloweza kulijibu, maana mahali kikosi kilipo si habari ya simu. "Umekula?" latosha, na lina jibu.

Kuna na fedha. Askari asiyeogopa lindo la usiku wa manane huogopa simu ya mwisho wa mwezi: karo ya mdogo wake, ugonjwa wa mjomba, mabati ya nyumba ya baba. Akianza kuwakwepa waombaji, humkwepa na mkewe pamoja nao bila kukusudia. Ni afadhali fungu la mke litumwe kwanza, peke yake, kisha ukoo wapewe siku yao. Walio Koboko, ambako Uganda yapakana na Kongo na Sudan Kusini, wana adha moja zaidi: simu ikinasa mtandao wa nchi jirani, salio huyeyuka kabla salamu hazijaisha.

Watoto hawakuumbwa kwa simu. Mtoto wa miaka minne akiambiwa "msalimu baba", hukodoa macho na kunyamaza, na baba husikia pumzi tu. Mama mwenye busara huchukua uzi, akaupima kwenye unyayo wa mtoto, akaukata, akautia katika bahasha na kumpa msafiri wa basi aupeleke kambini. Baba huenda nao dukani siku ya mapumziko, akaunyoosha ndani ya kiatu, akaona ni kiasi gani mguu umekua tangu alipoondoka.