Land Rover la Baba Lafufuliwa Grogan: Chagua Nyaya kwa Makini

Ukishuka kwenye matatu hapo mzunguko wa Globe jijini Nairobi na kuingia Barabara ya Kirinyaga, pua itakuambia umefika kabla macho hayajaona. Harufu ya oili, rangi na mpira uliochomwa imetanda kotekote. Nyundo zinagonga, makanika wamelala chali chini ya magari, na kabla hujapiga hatua kumi kijana atakuwa ameshakudaka: "Mzee, unatafuta nini? Nikuletee?"

Wenyeji wa jiji bado huiita Grogan, jina lake la zamani. Ilipewa jina hilo kwa ajili ya Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, iliyokamilika mwaka wa 1900. Kibao cha barabara kilibadilishwa zamani, lakini jina la Grogan limekataa kufa. Ndivyo yalivyo pia baadhi ya magari yanayoletwa hapa.

Labda kwenu mashambani, kando ya ghala la mahindi, limeegeshwa Land Rover alilonunua baba katika miaka ya 1960 au 1970. Lilimpeleka mama kujifungua, likabeba maziwa na mbolea, na ndani yake ndimo kaka mkubwa alimofunzwa kuendesha. Injini ingali inaguruma. Lakini taa ya kushoto huwaka inapotaka, honi hulia yenyewe gari likikata kona, na juzi moshi ulifuka chini ya dashibodi. Ukiona hivyo, msomaji, jua kwamba maradhi hayako kwenye betri wala kwenye balbu. Nyaya zimezeeka.

Fungu la nyaya ni kama mishipa ya mwili. Hutoka kwenye betri, likapita ukuta wa injini, likajigawa nyuma ya dashibodi, kisha likafuata chesi hadi taa za nyuma. Magari ya zamani ya Kiingereza yalifungwa nyaya zenye ganda la mpira na pamba, na baadaye plastiki ikachukua nafasi hiyo. Mpira hukauka ukapasuka, pamba huoza, na panya hawadharau chochote. Shaba ikibaki uchi ikagusa chuma, cheche huruka.

Jambo hili si la kuchezea. Land Rover nyingi za enzi hizo zina fyuzi mbili tu, na taa kubwa za mbele hazilindwi na hata moja. Waya wa taa ukigusa chuma hakuna cha kuukata umeme. Waya wenyewe ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, na utaungua karibu na magoti ya dereva.

Kabla ya kufungua pochi, lijue kwanza gari lako. Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka wa 1948. Series II ilikuja 1958, Series IIA ikafuata 1961, na Series III ikatoka 1971 hadi 1985. Yote yanafanana kwa mbali, lakini nyaya zake si moja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 taa kubwa zilihamishwa kutoka katikati, penye wavu wa rejeta, zikapelekwa kwenye madigadi. Fungu lililokatwa kwa taa za katikati halitafika huko. Vilevile gari la inchi 88 na lile la inchi 109 limepishana kwa zaidi ya nusu mita, na nusu mita ya waya ikikosekana taa za nyuma haziwaki. Hadi katikati ya miaka hiyo ya 1960, magari haya pia yaliunganishwa na betri kwa njia ya kinyume: upande chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Andika yote haya kwenye karatasi: mwaka, urefu, petroli au dizeli, dinamo au alteneta, mahali pa taa. Bila karatasi hiyo, kila muuzaji wa Grogan atakuambia alicho nacho ndicho unachotaka.

Sasa una njia tatu.

Njia ya kwanza ni fungu kuukuu lililotolewa kwenye gari lililovunjwavunjwa kuuzwa vipuri. Bei yake ni ya kuvutia. Lakini jiulize: gari lililotoa nyaya hizo ni rika la lako, limepigwa jua lile lile kwa miaka ile ile, basi mpya umepata wapi? Ukilazimika, kunja waya katikati ya vidole. Ganda likipasuka au likitoa unga, lirudishe. Chuna pia ncha kidogo uitazame shaba. Ikiwa nyeusi badala ya kung'aa, umeuziwa ugonjwa uliokuwa nao.

Njia ya pili ni kutengenezewa hapa hapa. Fundi hodari wa stima ya magari hulivua fungu la zamani zima zima, akalilaza juu ya ubao, akapiga misumari kila linapogawanyika, kisha akalifuatisha kwa nyaya mpya. Ni kazi ya subira, na wapo wanaoijua. Tatizo ni wale wa haraka. Atakuja mmoja akuambie, "Mzee, niachie funguo, jioni uje uchukue." Mjibu kwa upole, "Kijana wangu, nionyeshe kwanza nyaya utakazotumia."

Akikuonyesha waya wa kufungia stima ya nyumba, wenye uzi mmoja mnene wa shaba, mshukuru uende zako. Waya wa gari huwa na nyuzi nyingi nyembamba ili uvumilie mtikisiko. Ule wa nyumba hukatika ndani kwa ndani ukiwa kwenye barabara ya kokoto. Akikuonyesha nyaya za rangi moja, uende pia. Magari ya Kiingereza yana lugha yake ya rangi. Kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja. Nyeupe huamshwa na ufunguo, kijani hulindwa na fyuzi, buluu ni ya taa kubwa, nyekundu ya taa ndogo, na nyeusi ndiyo ya bodi. Anayefunga zote nyekundu humaliza leo, lakini siku ya hitilafu fundi mwingine atatafuta kutwa nzima, na utamlipa kwa kutwa hiyo.

Angalia unene pia. Waya wa kawaida wenye nyuzi 14 hubeba takriban ampea 8, wa nyuzi 28 takriban 17, na wa nyuzi 44 takriban 27. Piga hesabu mwenyewe: taa mbili za wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 10. Waya wa nyuzi 14 hautoshi. Tena wengi hung'oa dinamo ya ampea 22 wakaweka alteneta ya ampea 34, kisha wakauacha waya ule ule wa kuchajia. Mwenye gari hufurahi betri imejaa, kumbe waya unapikika.

Njia ya tatu ni kuagiza fungu jipya kutoka Uingereza, ambako wapo wanaozitengeneza hadi leo kwa rangi na vipimo vya awali, hata zile za kusukwa kwa pamba. Huja na ncha zake tayari, na kila moja inajua pa kwenda. Gharama ni kubwa, na juu yake kuna usafirishaji na ushuru. Sema bayana kwamba gari lako lina usukani wa kulia. Na kama uliweka alteneta, sema hilo pia, la sivyo utaletewa fungu la dinamo.

Uchague ipi? Inategemea kazi ya gari. Kama ndoto yako ni kulipeleka kwenye mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance kule uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, agiza, kwa kuwa waamuzi hufungua boneti. Kama litabeba mahindi, fundi mwenye subira, rangi sahihi na nyaya nene atakufaa kwa gharama nafuu. Fyuzi chache zaidi, hasa za taa kubwa, zitakupa usalama ambao hata kiwanda hakikukupa. Tena huenda usihitaji fungu zima. Nyaya za dashibodi na zile za chesi ni vipande mbalimbali. Kilichooza kikiwa kimoja, badilisha hicho.

Siku ya kufunga, betri itolewe kwanza. Kila ncha ya zamani iandikwe jina kwa kipande cha karatasi na ipigwe picha. Bodi ya Land Rover ni ya alumini iliyoshikana na chuma, na hapo zinapokutana huota kutu nyeupe inayozuia umeme. Pakwanguliwe mpaka pang'ae kabla waya mweusi haujafungwa. Na fungu la zamani lisitupwe hadi taa zote ziwake.

Najua kuna ndugu watakaosema gari hilo liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, na karo ya shule haingoji. Keti nao mpige hesabu pamoja. Lakini mkiamua liishi, msiokote nyaya za kubahatisha, maana usiku mmoja litakuwa linateremka kuelekea Bonde la Ufa likiwa limejaa watoto, na taa zikizimika kwenye kona zile hakuna atakayeuliza mliokoa shilingi ngapi. Rahisi, waliambiwa wazee wetu, mara nyingi ndiyo ghali.