Gari la Kukodi hadi Makunduchi

Wahenga walinena, tembea uone. Hawakusema kwamba mtu anaweza kuvuka bahari akaenda kuliona kosa lake mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Mosocho, katika kaunti ya Kisii, alilipata funzo hilo kwa siku moja tu, akiwa ameshika usukani wa gari lisilo lake kisiwani Unguja.

Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kuhudhuria semina ya siku tatu. Siku ya nne ilikuwa yake. Alipanda boti ya asubuhi, na ilipokaribia saa tatu alikuwa amekwisha kushuka katika bandari ya Malindi. Boti ya kurudi ingeondoka saa kumi za alasiri. Wenzake wawili waliamua kuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu. Yeye akakodi gari. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba Kiswahili sanifu kina msingi katika Kiunguja, kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja hiyo badala ya Kimvita, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ndiyo iliyosimamia usanifishaji. Sasa alitaka kuifikia chemchemi yenyewe na kuyanywa maji kabla hayajatiwa tope na wapita njia.

Palikuwa na sababu nyingine ambayo hakuwaeleza wenzake. Majuma mawili kabla ya safari, mvulana wa kidato cha kwanza alisimama darasani kusoma kifungu cha ufahamu. Palipoandikwa "mgonjwa alilala", yeye alisoma "arirara". Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nalo. Tangu siku hiyo mvulana hakunyoosha mkono tena. Kilichomsumbua mwalimu ni kuwa yeye mwenyewe alikulia katika matamshi hayo hayo. Ekegusii hakina sauti ya l. Kulala ni korara. Alitumia ujana wake kuing'oa ile r ulimini mwake, na siku aliyomcheka mtoto alikuwa kama nyani asiyeliona kundule.

Mwenye gari alimkabidhi gari dogo lenye tangi karibu tupu, pamoja na karatasi ya kibali cha udereva, akamwonya asiiweke mbali kwa kuwa askari wa barabarani wangeiomba. Waliiomba mara mbili. Alijaza mafuta, akashika njia ya kusini. Gari lilienda upande wa kushoto kama huko kwao, lakini mahali pa vilima vya migomba palikuwa na nchi tambarare ya minazi na miembe. Alipofika Jozani alipunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Huko Kizimkazi Dimbani alisimama mbele ya msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Alipiga picha mbili, akatazama saa yake, akaondoka.

Njiani alimkuta mzee mmoja akingoja daladala. Alimwamkia, akamuuliza njia ya Makunduchi. Mzee alisema naye alikuwa akielekea huko huko, basi akapanda. Mazungumzo yao yalikwenda vizuri, kwa Kiswahili ambacho mwalimu angeweza kukipigia mstari kitabuni. Kisha simu ya mzee ikalia. Alizungumza na mtu wa nyumbani kwake kwa dakika tatu hivi, na katika dakika hizo mwalimu mwenye shahada ya Kiswahili hakuambulia ila neno hapa na neno pale. Alijua kwamba ile ni lugha yake. Alijua pia kwamba imempita.

"Hicho ni Kikae, mwanangu," mzee alimwambia alipokata simu. "Ndiyo lugha yetu sisi wa huku. Mtoto akikisema skuli, hurekebishwa."

"Na nyinyi mlirekebishwa, mzee?"

"Kwa bakora." Mzee alicheka kidogo, kisha akauliza, "Na huko kwenu, kulala mwasemaje?"

Kati ya maneno yote, aliuliza hilo. Mwalimu alisita kabla ya kujibu. "Korara, mzee."

"Basi si mbali. Lala, rara, nyumba moja hiyo."

Mzee alimkaribisha kwake anywe chai. Ilikuwa yapata saa saba na nusu, na kutoka Makunduchi hadi bandarini ni safari ya zaidi ya saa moja. Mwalimu alishukuru, akaomba radhi, akageuza gari. Aliifikia boti kwa wakati, lakini chai ile hakuinywa, na mpaka leo huihesabu kuwa hasara ya safari hiyo.

Akiwa baharini aliyapanga mambo upya. Kile kisiwa alichokidhani kuwa chemchemi moja kina chemchemi kadhaa. Kiunguja kilichosanifishwa ni usemi wa mjini na viunga vyake. Kusini mwa kisiwa hicho hicho watu wana Kikae, yaani Kimakunduchi, na kaskazini kuna Kitumbatu. Waliokutana Mombasa mwaka 1928 walikuwa wakitafuta lugha moja ya vitabu na shule. Hawakuwa wakipima akili za wasemaji. Baadaye alifurahi kujua kwamba BAKIZA limechapisha kamusi la lahaja ya Kimakunduchi, hivyo maneno yaliyochapiwa bakora yamepata mahali pa kukaa kwa heshima.

Jumatatu iliyofuata, huko Mosocho, aliandika ubaoni maneno mawili: lala na rara. Aliwaeleza wanafunzi kwamba yote mawili ni watoto wa neno moja la Kibantu cha kale, kwamba moja limekaa pwani na jingine vilimani, na kwamba katika mtihani litatakiwa lile la kwanza. Kisha akakiri mbele yao kwamba yeye pia aliwahi kusema "arirara", na kwamba alifanya vibaya kucheka. Mvulana hakunyoosha mkono siku hiyo. Aliunyoosha Alhamisi.

Mwalimu bado husahihisha. Kalamu yake nyekundu haijakauka, wala haipaswi kukauka, kwa maana lugha sanifu ndiyo daraja linalomkutanisha mtu wa Mosocho na mtu wa Makunduchi. Lakini daraja hujengwa ili watu wavuke, na anayevuka hatakiwi kuionea haya ng'ambo aliyotoka.