Vidole vya Mama Kutoka Bukavu

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na Jumamosi zangu huishia katika ukumbi mmoja wa jamii hapa mtaani Eastleigh. Humo wageni kutoka nchi jirani hufundishwa tarakilishi bila malipo. Mashine ni sita, mbili mbovu. Kazi yangu ni kuketi kando ya wanafunzi na kuwatafsiria Kiingereza kinachotokea kwenye kiwambo. Wengi wao ni rika la wazazi wangu, kwa hivyo siwezi kusema "bonyeza hapo" bila kutanguliza "mama" au "mzee".

Kuna watu husema ati wakimbizi hawajui tarakilishi kwa sababu hawakusoma. Hizo ni porojo. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, wanaitumia kunishinda mimi. Kinachowazuia ni vitu vidogo ambavyo sisi hatuvioni.

Yuko mzee mmoja Msomali. Lugha yao ilipewa rasmi herufi za Kilatini mwaka 1972, na katika maandishi hayo X ni ile H nzito ya kooni. Basi yeye huandika Maxamed, nayo kadi yake imeandikwa Mohamed. Mashine haina akili ya kujua kwamba huyo ni mtu mmoja. Humkataa tu, na mzee hudhani amefukuzwa.

Maneno nayo yana vituko. Niliingia na msamiati wote wa chama chetu. "Kipanya" kilipokelewa kwa kicheko, kwani Wakongomani walisema hata Kifaransa hukiita panya. Lakini "nywila" (walimu wangu mnisamehe) hakuna aliyeielewa. Nikasema "neno la siri", wote wakaitikia kwa kichwa.

Sasa niwaeleze habari ya mama mmoja kutoka Bukavu. Alikuwa karani huko kwao, akipiga taipu ofisini miaka mingi. Alifika Nairobi baada ya mji wake kutekwa na waasi wa M23 mnamo Februari 2025. Kijana wa saiba moja alimfungulia barua pepe na kumchapia neno la siri alilolichagua mwenyewe. Kijana akahama. Tangu hapo mama alikuwa akienda, anaandikiwa anwani, kisha anachapa neno lake mwenyewe huku mtu wa saiba ameangalia kando. Likikataliwa, anajaribu tena, mpaka mashine inamfungia. Alikuwa na hakika kwamba kijana yule amelibadilisha.

Mwalimu wetu akamwambia, "Mama, kwanza andika chochote mahali panapoonekana." Mama akafumba macho, vidole vikakimbia kama mvua juu ya mabati. Lo! Alikusudia "asante sana". Kwenye kiwambo tukasoma "qsqnte sqnq".

"Mutoto, A iko wapi?" akaniuliza.

Kumbe mashine za Kifaransa zimepanga herufi vingine! Pale tulipo na Q wao wana A, na pale penye W wao wana Z. Vidole vyake havikuwa vimesahau kazi hata kidogo. Vilikuwa bado viko Bukavu. Na kwa kuwa neno la siri hufichwa kwa vidoto, kosa hilo hakuliona hata siku moja. Nafikiri ndilo jambo lililoniuma zaidi: ujuzi wake ndio uliomfungia mlango.

Alichapa tena polepole, kidole kimoja, akitazama kila herufi. Barua pepe ikafunguka. Ndani mlikuwa na ujumbe wa ofisi moja ukimwita kwenye mahojiano kuhusu makaratasi yake na ya watoto wake. Tarehe ilikuwa imepita kwa miezi miwili.

Nilidhani atalia. Alinyamaza kitambo, akavuta kiti karibu na meza. "Mutoto, tuandike jibu." Nikataka kumchapia ili tuwahi kabla umeme haujapotea, maana hapo ukumbini hupotea bila taarifa. Akanisukuma mkono. Mistari mitano ilichukua dakika arobaini, akiomba tarehe nyingine. Mwalimu alirekebisha Kiingereza, lakini kitufe cha kutuma alikibonyeza mwenyewe.

Ninapoandika haya, jibu bado. Kila Jumamosi mama huja mapema, kabla hatujapanga viti, akafungua barua pepe yake kwanza. Siku hizi haulizi tena A iko wapi.